Gari la Jirani Likiharibu Mali Yako: Namna ya Kudai Haki Bila Kuvunja Ujirani

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yaliyoandikwa kwa ajili ya jamaa zilizohama na viongozi wa vijiji vya Kabambare na Kasongo

 

Leo hatutasema juu ya bunduki. Tutasema juu ya ukuta uliobomoka, mbuzi aliyekanyagwa, kinga iliyopondwa na kioo cha gari kilichopasuka. Pengine utauliza: mambo madogo kama haya yanaingia wapi katika amani? Yanaingia sana. Teritwari yetu ya Kabambare iliona vita ya 1996, ikaona ile ya 1998, ikaona pia mapigano yaliyofuata pande za Salamabila. Kila mara watu walikimbia, na kila mara wengine waliwapokea. Hata leo kuna parseli ambamo jamaa mbili au tatu zinakaa pamoja, zingine wenyeji, zingine wadeplase. Mahali kama hapo, hasara ndogo isiyolipwa haibaki ndogo. Inapewa jina la kabila, inapewa jina la kijiji mtu alikotoka, na siku moja inatafuta fimbo.

Basi tufundishane jambo moja: gari, kamyo au pikipiki ya jirani ikiharibu mali yako, unadai namna gani? Na wewe mwenye gari, unajibu namna gani? Sheria inasema nini? Bima ni kitu gani? Na kama bima haiko, baraza litafanya nini?

1. Jambo dogo linavyokuwa kubwa

Tuchukue mfano. Asubuhi mapema, mtu anatoa pikapu yake nyuma-nyuma ili aende sokoni. Nyuma yake kuna ukuta wa nyumba ya jirani, umejengwa kwa matofali mabichi. Gari linagonga ukuta, upande mmoja unaanguka. Ndani ya chumba kile kuna jamaa iliyohama, imepewa na mwenye nyumba ilale humo. Kwa bahati watu wamekwisha kutoka. Lakini kinga ya baba, ile anayobebea bidoni za mafuta ya mawese, imepondwa. Sufuria mbili pia.

Sikiliza yanayofuata. Mwenye gari anasema: "Ni breki, si mimi." Mama aliyekuwa analala humo anasema: "Breki haina mikono, Baba. Ni wewe uliyeshika." Vijana wanaanza kukusanyika, na mmoja anasema gari lichomwe. Mwingine anasema: "Hawa wageni wanatafuta pesa tu." Tazama: ndani ya nusu saa, hatuzungumzi tena juu ya ukuta. Tunazungumza juu ya nani ni mgeni na nani ni mwenyeji.

Kwa hiyo shauri la kwanza ni hili: lishike jambo katika ukubwa wake. Ukuta ni ukuta. Kinga ni kinga. Usikubali mtu yeyote akubadilishie hesabu ya matofali kuwa hesabu ya makabila.

2. Deni ni la nani?

Sheria ya nchi yetu juu ya jambo hili ni ya zamani. Iko katika kitabu cha tatu cha Kanuni ya raia, kinachotoka katika dekreti ya 30 Julai 1888. Kifungu cha 258 kinasema, kwa maneno mepesi, kwamba mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, ni lazima aitengeneze. Kifungu cha 259 kinaongeza kwamba kosa si lile la kusudi tu; uzembe na kutokuangalia ni kosa pia. Kwa hiyo neno "sikutaka" halifuti deni. Hakuna anayesema ulitaka. Swali ni kama uliangalia.

Kifungu cha 260 kinakwenda mbele zaidi. Kinasema mtu anajibu pia kwa ajili ya watu walio chini yake na vitu anavyovichunga. Bwana anajibu kwa ajili ya mfanyakazi wake aliye kazini. Kwa hiyo kama kamyo inaendeshwa na dereva wa kulipwa, usimkamate dereva peke yake kana kwamba ndiye mwenye mali yote. Tafuta mwenye kamyo. Wazazi nao wanajibu kwa ajili ya watoto wadogo wanaokaa nao. Neno hili la watoto tutalirudia chini.

Lakini angalia: kosa linaweza kugawanyika. Kama uliweka meza yako ya kuuzia katikati ya njia ya magari, au uliegesha kinga nyuma ya gurudumu la gari, baraza au tribinali inaweza kusema hasara ni ya pande mbili. Ni afadhali uyaseme hayo mwenyewe mapema kuliko yasemwe na wengine.

3. Bima ni nini, na inalipa nani?

Wengi wetu tunaisikia bima kama kodi nyingine ya Serikali. Sivyo. Bima ni kikundi cha watu wengi wanaotoa pesa kidogo kila mmoja, ili yule atakayepatwa asibebe mzigo peke yake. Ni kama likelemba, lakini zamu yako haikuji kwa mpango. Inakuja na ajali.

Kwetu Kongo, sheria inalazimisha kila mwenye chombo cha motari kinachotembea barabarani awe na bima. Pikipiki nazo zimo. Bima hii ya lazima ina kazi moja: kumlipa mtu wa pembeni aliyeumizwa au aliyeharibiwa mali yake. Mtu wa pembeni ni wewe mwenye ukuta, wewe mwenye kinga, wewe mwenye mbuzi.

Bima hiyo ya lazima haitengenezi gari la mwenyewe. Kama gari la jirani limepinda mbele kwa kugonga ukuta wako, gari hilo si juu ya bima ya lazima. Kwa hilo mwenye gari angepaswa kununua bima nyingine, ya bei kubwa zaidi. Wengi hawajui jambo hili, na wanakasirika bure.

Kwa miaka mingi bima iliuzwa na kampuni moja tu ya Serikali, SONAS, iliyoanzishwa 1966. Sheria ya 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, na kuanzia 2019 kampuni za watu binafsi zilipewa ruhusa. Sheria hiyo iliweka pia mlinzi wa kazi hii, anayeitwa ARCA. Kwa hiyo usiseme tu, "Nitakwenda SONAS." Uliza kwanza: karatasi ya gari hili ni ya kampuni gani?

Tena usidanganyike na karatasi. Kuna karatasi tatu ambazo watu wanazichanganya. Karte roze inaonyesha gari ni la nani. Vinyeti ni kodi ya barabara. Hizi mbili si bima. Karatasi ya bima ni ya tatu: ina jina la kampuni, namba ya mkataba, namba ya gari, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Soma tarehe zote mbili. Bima iliyokwisha jana hailipi ajali ya leo, wala bima iliyonunuliwa leo hailipi ajali ya jana. Na kama ni kamyo iliyotoka nchi jirani, uliza kadi ya manjano ya COMESA. Kadi hiyo ndiyo inayobeba bima ng'ambo ya mpaka, na nchi yetu imo katika mapatano hayo.

Mambo mengine hayamo. Kwa kawaida mikataba ya bima inaacha nje hasara za vita na fujo. Gari lililochomwa katika mapigano, au nyumba iliyobomolewa siku ya mashambulizi, usiandikie kampuni ya bima barua ya ajali. Utapoteza pesa ya safari.

4. Saa ya kwanza

Saa ya kwanza ndiyo inayoamua kama jambo litakwenda kwa amani au kwa vurugu. Fanya hivi, mmoja mmoja.

Kwanza, angalia watu. Kama kuna aliyeumia, apelekwe kwenye kituo cha afya kabla ya maneno yote. Mwenye gari asaidie.

Pili, semeni pole. Hapa kuna hofu tunayoijua. Mwenye gari anaogopa kusema pole, akidhani pole yake itahesabiwa kama kukubali deni. Ndugu, pole ni utu. Kumsaidia aliyeumia na kueleza yaliyotokea si sawa na kutia mkono kwenye karatasi ya deni. Kitu ambacho kampuni ya bima haikipendi ni mwenye gari kuandika kwamba atalipa kiasi fulani bila kuijulisha. Basi sema pole kwa mdomo wote, lakini usiandike bei kabla kampuni haijajua. Na wewe uliyeharibiwa, usimlazimishe aandike bei pale pale huku umati unapiga kelele. Karatasi iliyoandikwa kwa hofu haina nguvu, na kesho ataikana.

Tatu, msiondoe gari mbio-mbio, isipokuwa limefunga njia au linahatarisha watu. Kama ni lazima liondolewe, chora kwanza: gurudumu lilikuwa hapa, ukuta hapa, kinga hapa. Daftari la shule linatosha. Mwenye simu ya picha apige picha, za karibu na za mbali.

Nne, andika: tarehe, saa, mahali, namba ya gari, jina la mwenye gari, jina la dereva, kampuni ya bima na namba ya mkataba. Andika majina ya mashahidi wawili au watatu walioona kwa macho yao. Shahidi aliyesikia kwa jirani si shahidi.

Tano, mjulishe mkubwa wa kijiji, kisha polisi. Polisi anaandika prosesi-verbali, ile tunayoiita PV. Kampuni ya bima itaiuliza hiyo. Ukiombwa kutoa faranga yoyote, omba risiti. Na fahamuni tofauti ya maneno mawili: faini na fidia. Faini inakwenda kwa Serikali, kwa sababu sheria imevunjwa. Fidia inakuja kwa aliyepata hasara. Mwenye gari akilipa faini, ukuta bado uko chini. Asiseme amekwisha kulipa.

5. Kuhesabu hasara

Katika mfano wetu kuna hasara mbili, si moja. Ukuta ni wa mwenye nyumba. Kinga na sufuria ni za jamaa iliyohama. Basi wadai ni wawili, na kila mmoja aandike yake. Mwenye nyumba asidai kinga ya mgeni wake, wala mgeni asiseme ukuta ni wake. Jamaa nyingi zimegombana na wenyeji wao kwa sababu pesa zote zilipitia mkono mmoja.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinasema waziwazi kwamba mtu aliyehama ndani ya nchi yake ana haki sawa na wenzake wote. Kwa hiyo usiseme, "Mimi mdeplase, nitamdai nani?" Unadai kama raia mwingine. Kama karatasi zako zilipotea mbioni, mwombe mkubwa wa kijiji aandike kwamba anakutambua na kwamba unakaa kwake, na apige kashe.

Ili kujua bei, mwite fundi. Fundi mwashi ahesabu matofali, siku za kazi, na bati kama ziliharibika. Fundi wa kinga aseme kama inatengenezeka au imekufa kabisa. Kila fundi aandike devi yake na atie mkono. Kama unaweza kupata mafundi wawili, ni vema zaidi.

Usiongeze. Kinga ya miaka kumi haiwi mpya kwa sababu imepondwa. Kampuni inaweza kutuma mtu wake wa kuangalia, naye akiona umezidisha kitu kimoja, atakuwa na mashaka juu ya vyote. Na jirani yako akiona umezidisha, ataona kwamba humdai, unamwibia.

6. Barua kwa kampuni

Mwenye gari ana wajibu wa kuijulisha kampuni yake upesi. Mkataba wake unaonyesha siku ngapi amepewa. Asipofanya hivyo anajiumiza mwenyewe. Wewe uliyeharibiwa usingoje tu. Andika barua yako pia. Kuandika kwa kampuni si kumshitaki jirani. Ni kuiambia kampuni ifanye kazi ambayo jirani alikwisha kuilipia. Mwambie hivyo mapema, ili asisikie habari ya barua kwa watu wengine.

Ofisi za bima ziko mijini, na zinafanya kazi kwa Kifaransa. Muulize mwenye gari alinunua bima yake katika ofisi gani, kisha mwalimu wa shule akusaidie kugeuza barua. Hii ndiyo namna yake:

"Mahali ......, tarehe ......
Kwa kampuni ya bima ......
Mimi ......, mkaaji wa kijiji cha ......, sekta ya ......, teritwari ya Kabambare, ninaleta dai langu. Tarehe ......, saa ......, gari lenye namba ......, mali ya ......, lenye bima namba ......, liligonga mali yangu mahali ...... Vitu vilivyoharibika ni hivi: ...... Ninaweka pamoja na barua hii nakala ya PV, devi ya fundi, majina ya mashahidi na picha. Ninaomba mtume mtu wa kuangalia hasara, na mnilipe fidia kwa kadiri ya sheria.
Sinyatire ......"

Andika barua tatu zilizo sawa: moja ya kampuni, moja ya mwenye gari, moja yako. Ile yako itiwe kashe au mkono na yule aliyeipokea, pamoja na tarehe. Usitoe PV ya asili wala devi ya asili kama una nakala. Njia za kwenda Kasongo au Kindu unazijua, hasa wakati wa mvua. Karatasi inayokwenda juu ya pikipiki inaweza isirudi.

Kampuni ikikuita utie mkono kwenye kitansi, soma kwanza, au usomewe. Kama imeandikwa kwamba umelipwa yote na huna dai tena, mlango umefungwa. Kama umelipwa sehemu tu, iandikwe sehemu. Na ukilipwa na bima, usimdai jirani tena kwa kitu kile kile. Kulipwa mara mbili ni wizi wenye karatasi.

Neno moja zaidi kwa wadeplase. Pengine amani itarudi kwenu kabla ya malipo kufika, nawe utataka kurudi kijijini. Usiache dai lako hewani. Andika barua ya uwakilishi mbele ya mkubwa wa kijiji: mtu fulani atapokea kwa jina langu, kitu hiki na hiki, na atanifikishia. Acha namba ya simu. Chagua mtu unayemwamini, na mashahidi wawili waijue barua hiyo.

7. Kama bima haiko

Tuseme kweli. Kwenye njia zetu kuna pikipiki nyingi na magari mengi yasiyo na bima. Kukosa bima ni kosa mbele ya sheria, lakini hakufuti deni. Kifungu cha 258 kinabaki. Aliyeharibu atalipa mwenyewe. Hapo ndipo baraza lina kazi.

Baraza likae mahali pa wazi, siku iliyotangazwa, si usiku na si kwenye nyumba ya upande mmoja. Wawepo mkubwa wa kijiji, wazee wawili, mama mmoja au wawili wanaoheshimiwa, na mjumbe wa wadeplase. Kama pande zote zinapenda, awepo imamu, padri au mchungaji. Kila upande useme bila kukatwa. Anayesimamia aanze na yaliyotokea, si na pesa.

Kijana mwenye pikipiki atasema: "Muzee, mimi sina uwezo." Mzee amjibu: "Mwanangu, hatujauliza uwezo wako. Tunauliza yaliyotokea. Uwezo tutauangalia baadaye." Huo ndio mpango mzuri: kwanza ukweli, pili hasara, tatu namna ya kulipa. Baraza linaloanza na la tatu linaharibika.

Namna ya kulipa ziko nyingi. Wazee wanakumbuka miaka ya 1990, pesa ya Zaire ilipokuwa inaanguka kila siku. Mtu aliahidiwa pesa ya mlango, na ilipofika haikununua hata bawaba. Tangu hapo wengi walijifunza kuandika deni kwa kitu chenyewe. Afadhali kuandika "bati sita mpya na siku nne za fundi" kuliko kuandika faranga tu. Mtu anaweza pia kulipa kwa kazi: kufyatua matofali, kusomba udongo, kubeba mizigo kwa pikipiki yake mara kadhaa bila malipo. Lakini kazi hiyo iwe na mwisho ulioandikwa. Kazi isiyo na mwisho ni utumwa.

Andikeni mapatano: nani atatoa nini, siku gani, na kama akichelewa itakuwaje. Pande zote na mashahidi watie mkono au kidole. Kila upande ubaki na karatasi yake, na moja ibaki kwa mkubwa wa kijiji. Mapatano yakishindikana, aliyeharibiwa anaweza kupeleka mambo kwenye tribinali. Kwenda tribinali si uadui. Ni kukataa kutumia fimbo.

8. Kama aliyeharibu ni jirani asiye na kitu

Sasa tugeuze mfano. Watoto wanacheza mpira. Mtoto wa jamaa iliyohama anarusha jiwe, kioo cha mbele cha gari la jirani kinapasuka. Mwenye gari anasema: "Nina bima, lakini haitaki kulipa!" Ni kweli, na tumeeleza sababu yake: bima ya lazima ni kwa ajili ya watu wa pembeni, si kwa ajili ya kioo chake. Anayejibu ni wazazi wa mtoto. Nao hawana kitu.

Hapa ndipo amani inapopimwa. Mwenye gari ana haki. Hasara yake ni ya kweli, na asiambiwe "samehe tu" kana kwamba kioo kinaokotwa njiani. Lakini kuna mambo asiyoweza kufanya. Hawezi kujichukulia sufuria za watu, wala karatasi yao ya kupokelea msaada, wala chakula chao. Hawezi kumfunga mtoto ndani ya nyumba kama rehani. Na mwenye parseli asiifukuze jamaa yote kwa jiwe moja la mtoto.

Baraza lihesabu bei ya kioo, likubaliane na wazazi malipo madogo-madogo au kazi yenye mwisho. Wadeplase wenzao wanaweza kuchangia. Mwenye gari naye anaweza kupunguza. Kupunguza huko kutoke kwake mwenyewe, baada ya deni kutambuliwa. Mtu anayetambuliwa haki yake anaweza kuwa mpole. Mtu anayenyimwa hata kutambuliwa, upole wake unakufa.

9. Neno kwa viongozi

Ninyi mkubwa wa kijiji, shefu wa grupma na wazee wa baraza, mna mipaka. Kama mtu ameumia sana au amekufa, msilimalize jambo uani kwa mbuzi wawili. Lazima polisi na mwendesha mashitaka wajue. Mapatano ya jamaa juu ya fidia ni mazuri, lakini hayaifungi mikono ya sheria. Tena mkificha kifo, jamaa ya marehemu inapoteza dai lake kwa bima, kwa sababu hakuna PV wala karatasi ya daktari. Huruma yenu itakuwa imewaibia yatima.

Pili, msichukue sehemu ya fidia. Kama mila yenu ina kitu cha baraza, kisemwe mbele ya wote kabla ya kuanza, na kisitoke kwenye matofali ya aliyeharibiwa.

Tatu, wapeni wageni nafasi ya kusema sawa na wenyeji. Mtu aliyekimbia bunduki na kukuta kwenu sikio linalosikia, atakuwa mlinzi wa kijiji chenu. Mtu aliyekosa sikio atasikilizwa na wengine, na hao wengine tunawajua.

Nne, fanyeni kazi kabla ya ajali. Semeni na wenye pikipiki waonyeshe karatasi zao za bima. Wekeni alama mahali pa kugeuzia magari, mbali na kuta na watoto. Soko lisiingie barabarani. Ukuta usiogongwa hauhitaji baraza.

Ndugu wasikilizaji, tumefika mwisho. Shikeni haya machache: semeni pole, andikeni yaliyotokea, hesabuni bila kuongeza, ulizeni karatasi ya bima na tarehe zake, na kama haiko, kaeni kwenye baraza na muandike mapatano. Kudai haki kwa njia nzuri hakuvunji ujirani. Kinachouvunja ni hasara iliyonyamaziwa, na deni lililogeuzwa kuwa kabila.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika kijiji chetu, mara ya mwisho gari au pikipiki ilipoharibu mali ya mtu, nani alilipa, na alilipa nini?
2. Tunajua tofauti ya karte roze, vinyeti na bima? Nani kati yetu anaweza kuonyesha karatasi ya bima leo?
3. Wadeplase wana mjumbe kwenye baraza letu? Kama hawana, tumchague lini?
4. Mtoto wa mtu asiye na kitu akiharibu mali, tutafanya nini ili mwenye mali apate haki yake, na jamaa ile isifukuzwe?

 Msomee karatasi hii jirani yako asiyejua kusoma. Kaeni na amani.